Mchezaji mkimya, mhusika mwenye haiba: nani azungumze na mlinzi?

Swali: Ninaongoza kundi la wachezaji watano wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua kama anafaulu. Mmoja wao amejenga mhusika mwenye Haiba 17 (alama ya mvuto na ushawishi wake), mwimbaji na mpatanishi, lakini yeye mwenyewe ni mkimya. Ukimwambia "haya, zungumza na mlinzi," anakwama na kuanza kuangalia karatasi yake ya alama za mhusika. Mwingine anacheza shujaa wa shoka mwenye Haiba 8, ila mchezaji mwenyewe ana ulimi mtamu. Kila mazungumzo anayachukua yeye, na anashinda kwa sababu hoja zake kweli zinanishawishi. Nilijaribu kusema "dadu tu, maigizo basi," meza ikapooza. Nikarudisha maigizo, yule mkimya akazama tena. Kati ya takwimu za mhusika na kipaji cha mchezaji, kipi kitangulie?

Jibu: Mwachie mchezaji uamuzi, na utekelezaji uiachie karatasi ya mhusika. Mchezaji ndiye anayechagua amwendee nani, amwombe nini, amguse wapi na amwahidi nini. Kama maneno hayo yatamwingia msikilizaji au yatampita, hilo liamuliwe na Haiba iliyoandikwa kwenye karatasi na dadu iliyoanguka mezani. Sauti ya mchezaji, ufasaha wake na jinsi alivyokufurahisha wewe mwongozaji visihesabiwe. Ukishika mpaka huo, wachezaji wako wote wawili watapata haki yao, na hutalazimika kuchagua kati ya maigizo na dadu. Kazi iko kwenye kuushika, maana wengi wanautafuta mahali usipokuwepo.

Umeshasikia bila shaka hoja ya watetezi wa takwimu: mchezaji wa shujaa mwenye Nguvu 18 hatumwambii anyanyue meza ndipo mhusika wake avunje mlango, basi kwa nini mchezaji wa mpatanishi tumdai hotuba? Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaishia nusu ya njia. Tazama vita. Hapo hakuna anayetaka dadu ziamue kila kitu. Mchezaji anachagua asimame wapi, ampige nani kwanza, atumie lini uchawi wake wa mwisho, na akimbie lini. Mwenye jicho la mbinu hushinda mapambano ambayo mwenzake mwenye karatasi ile ile angeyapoteza, na tunaona ni sawa kabisa. Lakini upanga ukishainuliwa, dadu ndiyo inayosema kama umefika. Hajatokea mchezaji aliyeongezewa alama za shambulio kwa sababu ameuzungusha mkono vizuri hewani.

Kwa hiyo vita tayari vimetuonyesha mpaka unapopita. Uamuzi ni wa mchezaji, pigo ni la mhusika. Kwenye mazungumzo tunauvuruga kwa sababu pigo lenyewe ni maneno, na maneno mchezaji anaweza kuyatoa kweli pale mezani. Anapoyatoa vizuri tunasahau kwamba aliyesimama mbele ya mlinzi si yeye.

Mvutano huu una umri sawa na mchezo wenyewe, na historia yake inasaidia kuelewa kwa nini kanuni ulizonazo zimekaa zilivyokaa. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mhusika alikuwa na alama sita zile zile tunazozijua leo, lakini zilifanya kazi ndogo sana. Haiba ilikuambia hasa idadi ya wafuasi unaoweza kuwaajiri na uaminifu wao. Mwenye 3 aliruhusiwa mmoja tu, mwenye 18 aliruhusiwa hadi 12. Viumbe mlivyokutana navyo vilipimwa kwa dadu mbili za pande sita kuona kama vitawapokea vizuri, vitawashambulia, au vitasitasita. Mengine yote, yaani kutafuta mitego, kutegua vitendawili, kumdanganya jitu kubwa kwenye daraja, yalikuwa ya mchezaji. Ulieleza unachofanya, mwongozaji akaamua. Tomb of Horrors, jumba la mitego ambalo Gygax aliliandaa kwa mashindano ya mwaka 1975, lilikusudiwa kupima akili za watu waliokaa mezani. Karatasi zao hazikuwasaidia sana.

Mwaka huo huo wa 1975 kikaja kijitabu cha nyongeza kilicholeta mhusika mwizi, mwenye asilimia zake za kufungua kufuli na kuondoa mitego. Hapo mambo yakaanza kubadilika. Kama mwizi ana asilimia ya kuondoa mtego, je, mpiganaji anayeeleza kwa makini jinsi anavyougusa waya kwa fimbo ndefu bado anaruhusiwa kufaulu bila dadu? Michezo iliyofuata ilijibu kwa kuongeza ujuzi wa kuandikwa. RuneQuest ya 1978 na Call of Cthulhu ya 1981 zilimpa mhusika orodha ndefu yenye asilimia, na hata kumlaghai mtu kwa maneno ya harakaharaka au kutafuta habari maktabani kukawa na namba yake.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mwaka 2000, likaifikisha njia hiyo ukingoni. Jedwali lilisema ukitaka kumgeuza adui mkali awe rafiki, fikisha 35. Mtu asiye na upande awe rafiki, fikisha 15. Jedwali halikuuliza unamwambia nini, unampa nini, wala kwa nini abadilike. Waliojenga wahusika wao kwa ustadi walizifikia namba hizo mapema mno, na wababe waliopaswa kuogopwa wakawa wanalainika ndani ya dakika moja bila sababu yoyote inayoeleweka. Hiyo ndiyo "dadu tu" uliyoijaribu, na meza yako ilipooza kwa sababu ile ile: uamuzi wa mchezaji ulikuwa umeondolewa kwenye mazungumzo, ikabaki namba.

Mwitikio ulikuja. Mwaka 2008 mbunifu wa michezo Matt Finch aliandika mwongozo mfupi wa uchezaji wa kizamani, na moja ya nguzo zake ni kwamba kinachohesabiwa ni ustadi wa mchezaji kuliko uwezo wa mhusika. Kambi hiyo naiheshimu sana. Ila angalia alama zinavyopatikana kwenye michezo wanayoicheza. Unarusha dadu tatu za pande sita, mara nyingi kwa mpangilio zinavyoanguka, na unapokea ulichopewa. Aliyepata Haiba 8 hakuichagua wala hakufaidika nayo. Hakuna aliyelipa kitu, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa alama hiyo isipotumika.

Kwenye meza yako hali ni tofauti, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mkinunua alama kwa utaratibu wa kawaida wa toleo la tano, kila mchezaji ana pointi 27. Alama ya 8 haigharimu chochote, ya 15 inagharimu pointi 9. Mchezaji wako mkimya alitoa theluthi moja ya mali yake yote kununua 15, kisha akaongezewa 2 za asili ya mhusika ikawa 17. Mwenye shoka aliiacha Haiba palepale chini na kuzipeleka pointi hizo kwenye Nguvu na Ustahimilivu. Ukimruhusu ashinde mazungumzo kwa ulimi wake, umempa bure kitu ambacho mwenzake alikinunua kwa bei ghali, tena umempa mbele ya macho yake. Mkimya haoni aibu tu. Anaona kwamba karatasi yake imedanganya. Huo ni uvunjaji wa ahadi, na mwongozaji hapaswi kuupuuza hata kama mazungumzo yenyewe yalikuwa matamu kiasi gani.

Sasa twende langoni. Usiku, mji umefungwa, mlinzi mmoja, kundi linataka kuingia. Mchezaji mkimya anasema, "Nataka kumshawishi atufungulie," halafu ananyamaza. Waongozaji wengi hukosea kwa namna mbili hapa. Wa kwanza anasema "rusha dadu," na yote yameisha. Wa pili anasema "sawa, unamwambiaje? Ongea," na mchezaji anaganda. Badala yake, mpe kwanza kile ambacho mhusika mwenye Haiba 17 angekiona: "Umeshakutana na walinzi wengi. Huyu anageuka kila mara kuangalia barabara ya nyuma. Inaelekea mwenzake wa kumpokea zamu amechelewa. Buti zake zimelowa. Hana chuki na nyinyi, anaogopa mkubwa wake tu. Utamwendea vipi: kwa huruma, kwa hongo, kwa jina la mkubwa fulani, au kwa vitisho?"

Hapo umefanya jambo kubwa. Takwimu ya mhusika imeziba pengo la mchezaji bila kumnyang'anya uamuzi. Mchezaji mkimya si mjinga, na akipewa la kushika atalishika. Atasema, pengine kwa sauti ya chini, "Huruma. Namwambia tuna majeruhi, na namuahidi nitapita kwa mwenzake nimwamshe." Hayo ni maigizo kamili. Kusimulia tu, "namwambia hivi," kuna hadhi ile ile ya kusema kwa sauti ya mhusika, na ningependa ulitamke hilo mezani kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu wakimya wengi wanaamini wanacheza nusu mchezo. Mezani hapafundishwi uigizaji wa jukwaani, na mtu mwenye kigugumizi, au anayecheza kwa lugha ambayo si ya kwanza kwake, ana haki ya kucheza mfalme mwenye maneno ya kupendeza kama vile mtu dhaifu anavyocheza jitu.

Halafu dadu ya pande ishirini. Ikianguka 13, ukaongeza 5 zake (3 za Haiba na 2 za umahiri, yaani nyongeza ya mwenye ujuzi huo, kwa ngazi ya kwanza), inakuwa 18 na lango linafunguka. Simulia wewe uzuri wa maneno yake: "Unamwambia polepole, kama mtu anayemjua tangu utotoni, na kabla hujamaliza ameshashika funguo." Mpe mchezaji wako sentensi ambazo hakuweza kuzitoa, maana alizilipia pointi 9.

Na ikianguka 4, jumla 9? Tafadhali usimgeuze mpatanishi wako kuwa mbabaikaji. Mtu hodari akishindwa, mara nyingi dunia ndiyo imemzuia. Mlinzi anakaribia kukubali, taa ya mkubwa wake inawaka juu ya ukuta, anarudi nyuma. Mhusika amebaki hodari, tatizo limebaki palepale, na kundi sasa linajua kwamba mlinzi huyu angekubali kama pasingekuwa na jicho juu yake. Kushindwa huko kumewapa habari, na wanaweza kujaribu njia nyingine.

Sasa mwenye ulimi mtamu. Huyu usimnyamazishe. Kumwambia "mhusika wako hana akili za kusema hivyo" ni kumwadhibu kwa kuleta kitu kizuri mezani, na sijaona hilo likizaa chochote isipokuwa kinyongo. Sikiliza hotuba yake yote, halafu ikaushe: vua ucheshi, vua sauti, uulize imebaki hoja gani. Amemkumbusha mlinzi kwamba hajalipwa mshahara? Ametaja jina ambalo mlinzi analijua kweli? Ameweka sarafu mkononi? Hayo ni maamuzi, na maamuzi ni yake, kwa hiyo yaathiri kiwango cha ugumu, yaani namba ambayo jumla yake inapaswa kuifikia. Mbwembwe zilizobaki ni raha ya meza, zipigieni makofi, lakini zisiguse hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, na ningependa uitazame kwa makini kwa sababu inajibu swali lako kuliko nadharia yoyote. Tuseme ombi la kawaida lina ugumu wa 15, hoja nzuri inaushusha hadi 10, na hoja mbovu au ombi la matusi linaupandisha hadi 20. Mwenye Haiba 17 na umahiri ana nyongeza ya 5. Ombi la kawaida linapita kwa asilimia 55, akiwa na hoja nzuri asilimia 80, akiwa na hoja mbovu asilimia 30. Mwenye Haiba 8 bila umahiri ana upungufu wa 1. Ombi la kawaida ni asilimia 25, hoja nzuri asilimia 50, hoja mbovu hawezi kabisa, hata akipata 20 kamili jumla yake ni 19.

Linganisha namba mbili kati ya hizo. Mwenye shoka aliyefikiri vizuri yuko kwenye asilimia 50, karibu kabisa na mpatanishi ambaye hakufikiri sana, mwenye 55. Fikra zake zimehesabiwa, tena zimemzidishia bahati mara mbili. Lakini mpatanishi naye akifikiri, wanaachana mbali. Matokeo hayo nayaona ya haki kwa wote wawili: hakuna aliyeambiwa ubongo wake hauna kazi, na hakuna aliyenunua Haiba yake bure. Ukipenda kuacha ugumu ulivyo na kumruhusu arushe dadu mbili achukue kubwa, mwenye upungufu wa 1 anafika karibu asilimia 44 dhidi ya 15, nayo si mbaya. Mimi nachagua kushusha ugumu kwa sababu mchezaji anaona moja kwa moja hoja yake ilivyolegeza kitu.

Kuna jambo la mpangilio ambalo litakusaidia sana kwa mchezaji huyu mmoja. Usingoje hotuba iishe ndipo uombe dadu. Mtu akishatoa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, halafu dadu ikaanguka 3, meza nzima inahisi imeonewa, na wewe utashawishika kuipuuza dadu. Mkatishe mapema kwa upole: "Naona unakoelekea, unataka kumkumbusha mshahara wake. Ugumu 10, rusha kwanza." Akishajua matokeo, mwachie uwanja. Akipata, atoe hotuba ya ushindi. Akikosa, aigize namna shujaa wa shoka alivyoharibu hoja nzuri: alimkaribia mno, alicheka mahali pasipochekesha, alitaja mshahara kwa namna iliyomdhalilisha mtu mbele ya mwenzake. Wachezaji wenye kipaji cha maigizo hulipenda hili kuliko unavyodhani. Ushindi wameshauzoea, kuanguka kwa mtindo ni kazi inayowatosha kipaji chao.

Mchezo mmoja ulioliweka hili wazi kuliko mingine ni Apocalypse World ya mwaka 2010. Ukitaka kumfanya mtu akubali jambo, lazima uwe na kitu cha kumshika nacho, anachokitaka au anachokiogopa. Kama huna, dadu hazirushwi kabisa. Ukiwa nacho, unarusha mbili za pande sita: 10 na zaidi, atafanya ukimwahidi, 7 hadi 9, anataka uthibitisho wa kushikika hapo hapo. Ona walivyogawa kazi. Kupata cha kumshika nacho na kuamua utamwahidi nini ni akili ya mchezaji, kiwango cha imani utakayopewa ni cha mhusika. Unaweza kuichukua kanuni hiyo ukaiingiza kwenye meza yako kesho bila kubadilisha kitu kingine: hakuna cha kumshika nacho, hakuna dadu.

Maana si kila ombi linastahili dadu. Kama mlinzi hana sababu ya kukataa, afungue. Kama anachoombwa ni kumsaliti mwanawe, akatae, hata Haiba ifike 20. Kanuni zilizosahihishwa za mwaka 2024 zinasema hivyo hivyo: aliye radhi anakubali bila dadu, asiye radhi anakataa bila dadu, na anayesitasita ndiye anayerushiwa. Waongozaji wengi wanaosema "dadu zinaua maigizo" kumbe wanazirusha mahali ambapo jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo.

Hukuuliza kuhusu alama ya Akili, lakini nalitaja kwa sababu likishatulia la Haiba, hili ndilo litakalofuata mlangoni kwako, na ni gumu zaidi. Haiba ni utekelezaji kwa sehemu kubwa. Akili na Busara zinagusa uamuzi wenyewe, ambao nimesema ni wa mchezaji. Mchezaji wa mchawi mwenye Akili 18 akiwa hatambui mpango ulio wazi, na yule wa jitu lenye Akili 6 akitegua kitendawili kwa sekunde chache, ufanye nini?

La jitu ni rahisi kuliko linavyoonekana. Usimkataze kufikiri. Mwambie amnong'oneze mwenye mchawi, na mchawi ndiye alitamke. Jibu ni la meza, sifa ni ya mhusika anayefaa. Au jitu lenyewe liliseme kwa bahati, likifikiria jambo jingine. Kilicho kibaya ni kumlazimisha mchezaji afanye ujinga ambao yeye mwenyewe haoni raha nao.

La mchawi linahitaji mkono wako, kwa sababu akili ya mhusika huwezi kuiingiza kichwani mwa mchezaji. Unachoweza ni kumpa vitu ambavyo akili huleta: habari, muda na onyo. Habari: mwambie bila dadu mambo ambayo mtu msomi angeyajua. Mchezo wa uchunguzi wa Robin D. Laws, The Esoterrorists, ulijengwa juu ya msingi huo. Mhusika mwenye ujuzi unaohusika akiwa mahali palipo na ushahidi wa lazima, anaupata, basi. Mchezaji anabaki na kazi tamu zaidi ya kuunganisha alichokipata. Muda: mpe dakika tatu za kufikiri pale wengine wanapopewa sekunde tano. Onyo: kabla hajafanya kosa ambalo mtu mwerevu hangelifanya, muulize, "Mchawi wako anakumbuka kwamba mafuta haya yanawaka. Bado unawasha tochi?" Akisema ndiyo, awashe.

Blades in the Dark, ya mwaka 2017, iliongeza njia ya nne ambayo naipenda mno. Wahusika ni wezi mahiri wa kupanga, lakini wachezaji hawapangi kwa masaa. Wanaingia kazini moja kwa moja, na wakikutana na kizuizi mmoja anasema, "Hili nililiona jana, nikamhonga mpishi." Kunarudiwa nyuma kwa muda mfupi, mhusika wake analipa kwa pointi za msongo wa mawazo kulingana na ugumu wa jambo, na mpango unakuwa ulikuwepo. Mhusika anaonekana mwenye kuona mbali kuliko mchezaji wake. Kwa mchawi wako mwenye Akili 18 unaweza kumruhusu hivyo mara moja kwa kila kikao, na utashangaa jinsi hata mchezaji mzito anavyochangamka akipewa nafasi ya kuwa mwerevu baada ya tukio.

Vitendawili vya mezani, vile vya mafumbo na namba, hapa sina maneno mengi. Ni mchezo mwingine uliowekwa ndani ya mchezo. Kama meza inavipenda, mvitegue kama watu, na alama za Akili zitoe vidokezo. Kama haivipendi, viache.

Kabla ya kikao kijacho, zungumza na mwenye shoka peke yake, wala usiwe mkali, maana hajafanya kosa. Alicheza kanuni ulizomwonyesha. Mwambie kuanzia sasa utafanya nini, na umpe chaguo la kweli. Kama anachofurahia hasa ni mazungumzo, mruhusu azipange upya pointi zake 27, apunguze Nguvu, anunue Haiba, awe shujaa wa shoka mwenye maneno. Karatasi ya mhusika ni ya kumtumikia mchezaji anayeicheza, na mtu aliyegundua baada ya vikao kadhaa kwamba anapenda kitu kingine asifungwe na alichokiandika siku ya kwanza. Akipenda kubaki na Nguvu zake, abaki, mradi ameelewa kwamba hotuba yake itapunguza ugumu wa mlango na haitaufungua.

Na huyo mkimya, mpe lango la kwanza la kikao. Usimtangazie kwamba umebadilisha kitu kwa ajili yake. Mwambie tu mlinzi anaangalia wapi, kisha mpe muda wa kuchagua.